Nusu ya Pili ya Wimbo wa Nesi

Mashine mbili zilikaa mezani wiki ile, bega kwa bega, na mimi sikuweza kukaa.

Ya kulia ilikuwa ya kaka yangu. Nzito, ya kijivu, pembe zake zimesuguliwa hadi rangi imeondoka, pedi zake za mpira zinang'aa kwa miaka ya vidole. Ya kushoto ilikuwa mpya, nyembamba kama daftari la shule, ukiichomeka tu inawaka taa za kila rangi kama duka la simu. Kazi yao ni moja. Kila moja ina pedi kumi na sita, na kila pedi umeifungia sauti ya ngoma iliyomo kwenye kompyuta; ukigonga kwa kidole, ngoma inalia kwenye spika. Asiyejua angesema ni mtu na mdogo wake. Aliyezipiga anajua hawajawahi hata kusalimiana.

Ile ya zamani inataka upige. Usipopiga inakununia. Ile mpya inataka uiguse tu, na wakati mwingine hujaamua hata kuigusa, imeshalia.

Aliyeileta mpya ni Mnene, mshirika wa kaka. Mnene ni mwembamba kiasi kwamba akisimama pembeni ya stendi ya maikrofoni hujui umtundike nani hedifoni. Jina alipewa na kaka siku walipofungua studio, akalikubali, na sasa hata mkewe anamwita hivyo.

"Muuza duka ametuachia mpaka Ijumaa," alisema, akiifungua kwenye boksi taratibu kama anayefungua kitoto kwenye nepi. "Tukiipenda, tunampa ile ya zamani, hii inabaki kwetu. Tusipoipenda, tunairudisha na maisha yanaendelea."

"Hatuwezi kuwa nazo zote mbili?"

"Dada, humu ndani hata kiti cha tatu hatuna."

Kweli hatukuwa nacho. Studio yetu ni chumba kimoja juu ya karakana ya kukata vioo. Ukutani tumegongelea trei za mayai na magodoro ya zamani, dirisha limezibwa kwa blanketi, na mlangoni kuna kengele ya kumwomba fundi vioo wa chini asimamishe msumeno tunaporekodi. Akiwa na hasira na mteja wake, kengele haisikii. Viti ni viwili. Kimoja cha kaka, kimoja changu. Mimi ndiye niliyekuwa nikirekodi sauti za waimbaji, na kaka akichoka ananisogezea mashine, anasema, "Haya, mdogo wangu, nishikie hapa nikanywe maji." Maji yenyewe yalikuwa yanachukua saa nzima. Ndivyo nilivyojifunza. Tangu mazishi ya kaka, Mnene alikuwa anakalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Hakuna aliyemwambia akalie kiti.

Kaka alikuwa ameanza wimbo wa Nesi. Nesi ni muuguzi kweli, wa wodi ya wazazi, anaimba akitoka zamu, na sauti yake ina uchovu fulani ambao watu wanaulipia kuusikia. Kaka alipiga ngoma za nusu ya kwanza, akasema kifua kinambana, nusu ya pili ataipiga kesho. Alilala hospitali siku chache. Wimbo ukabaki vile, unatembea vizuri hadi katikati, halafu unasimama kama mtu aliyesahau alichoendea chumbani.

Na Nesi alikuwa anasafiri. Amepata kazi ng'ambo, Jumamosi anaondoka. Ijumaa ndiyo siku pekee aliyobakiwa nayo ya kuja kuimba. Kwa hiyo hadi Ijumaa ilibidi nusu ya pili iwepo, na mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani: mtu asikilize wimbo ule mwanzo hadi mwisho asijue mkono umebadilika wapi.

Najua mtasema, si mnakili tu nusu ya kwanza mkaibandika mbele? Kila studio mjini inafanya hivyo. Kompyuta inafanya hivyo kabla hujapepesa jicho. Kaka hakufanya hata mara moja. Alipiga kila wimbo kwa mkono kuanzia mwanzo hadi mwisho, na akikosea mwishoni anarudi mwanzo. Mnene alikuwa anashika kichwa. "Bosi, kuna kitufe cha kunakili, kimewekwa pale kwa sababu yako!" Kaka anajibu, "Mwimbaji akifika katikati anachoka. Ngoma lazima ijue." Hiyo ndiyo ilikuwa imani yake yote.

Jumatatu nilianza na mpya, kwa sababu Mnene alikuwa ananitazama kama mtoto anayesubiri umsifie mchoro. Nikaweka vidole juu ya pedi. Kabla sijapiga chochote, toazi likalia. Likalia tena.

"Unapiga au unajikuna?" Mnene akauliza.

"Sijapiga."

"Basi vidole vinatetemeka. Hii inasikia kila kitu, dada. Ukiwaza kwa nguvu inasikia."

Nikainua mikono, nikaishusha. Ngoma nzito ililia mahali pake, lakini mbele yake kulikuwa na vigongo viwili vitatu vidogo, kama mtu anayebisha hodi na kughairi. Nikarudia. Vile vile. Vidole vyangu havijatulia tangu msiba. Nikikaa mezani vinagonga meza, nikisimama foleni vinagonga paja. Sikuwa nimejua vinagonga kiasi gani mpaka mashine ile iliponitangazia kwenye spika mbili kubwa.

Nikahamia ya kaka. Pale nilipiga na ikaitika. Kidole kikitetemeka haijali, inasubiri pigo lenyewe. Ngoma nzito kwa kidole gumba, ngoma kavu kwa cha pili, toazi kwa cha pete. Nilipiga kidogo tu nikaondoa mikono, kwa sababu ilitoka kama yake. Siyo kabisa. Lakini kwa mbali, ukiwa chumba cha pili, ungeita jina lake.

"Pedi ya kona inakwama," Mnene akasema.

"Inakwama siku nyingi. Inataka kubembelezwa."

"Muuza duka hatabembeleza. Kasema ataichukua ikiwa pedi zote zinaitika."

"Nani kasema tunaitoa?"

Mnene akaanza kukunja waya ambao ulikuwa tayari umekunjwa.

Nyumbani Mama alikuwa amekaa uani, miguu kwenye beseni. Mama hajapanda ngazi za studio tangu msiba. Anasema magoti. Magoti yanampeleka sokoni kila siku, yanamkatalia pale tu.

"Wimbo wa mwanangu umefika wapi?"

"Katikati, Mama."

"Bado katikati?"

"Bado."

"Na nyie mnafanya nini huko kutwa nzima?"

Nikamwambia tunachagua mashine. Akaniangalia kama nimemwambia tunachagua rangi ya soksi.

Jumanne fundi vioo alikuwa na oda ya jengo zima, msumeno haukunyamaza, hatukurekodi kitu. Nilishuka, nikapanda, nikashuka. Nilinunua maji, nikayasahau dukani, nikarudi kuyafuata, nikanunua mengine. Mnene akaniambia niende nyumbani, ninamtia kizunguzungu.

Jumatano nilipofungua mlango, meza ilikuwa na mashine moja. Mpya. Mahali pa ya zamani palikuwa na alama ya vumbi ya umbo lake.

"Iko wapi?"

"Usipandishe presha," alisema Mnene, na aliposema hivyo nikajua nina sababu ya kuipandisha. "Nimeipeleka kwa Fundi Miwani. Ile pedi ya kona. Nilitaka uzilinganishe zote zikiwa nzima. Si haki kumpiganisha mgonjwa na mzima."

"Umeipeleka ili ipendeze machoni pa muuza duka."

"Na hilo pia," akasema. Mnene hajui kudanganya, ndiyo maana hatajiriki.

Fundi Miwani ana kibanda chini ya ngazi za jengo la maduka, redio zimening'inia hadi usoni. Alinipa mashine kwa mikono miwili. Iling'aa. Hata zile pembe alikuwa amezipaka kitu.

"Hii ilikuwa jaa, binti yangu," akasema kwa furaha. "Sijui mlikuwa mnaipigaje. Chini ya kila pedi watu wamesokomeza takataka. Makaratasi, gundi, sijui mpira. Nimetoa zote, nimesafisha kwa spiriti. Haya, gonga."

Nikagonga pedi ya kona kwa kidole cha pete. Haikukwama. Haikuitika pia.

"Kwa nguvu," akasema.

Nikagonga kwa nguvu. Ikaitika.

"Umeona! Mashine za enzi zile zinataka nguvu. Ndiyo zilivyotengenezwa."

Mnene alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi na kuishikilia, maana yeye naye alikuwa ameshaelewa.

Zile hazikuwa takataka. Kaka alikuwa anaifungua mashine kwa bisibisi, anainua pedi, na chini ya kila moja anaweka vipande: kadibodi ya boksi la dawa ya meno, selotepu iliyokunjwa, tyubu ya baiskeli. Kipande kikiwa kinene, pedi inakuwa nyepesi kusikia. Ukizidisha, inalia yenyewe. Kila kidole chake alikipimia unene wake. Aliweka, akapiga, akatoa, akakwangua kwa wembe, akaweka tena, mwaka baada ya mwaka. Niliwahi kumwona mashine ikiwa wazi mapajani kama mtu anayechambua mchele. Mashine ile haikuwa imetengenezwa na kiwanda peke yake.

"Umezitupa?" nikauliza.

"Mimi situpi kitu cha mteja," alisema Fundi Miwani, akanipa mfuko mdogo wa plastiki. Vyote vilikuwemo. Vidogo kama maganda ya karanga, vimechanganyika.

"Kipi kilikuwa chini ya kipi?"

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Binti yangu," akasema, "takataka naipangaje?"

Sikumtukana. Alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Njiani niligeuka kumtukana Mnene badala yake, nikakuta analia, anatembea analia na mashine amekumbatia kifuani, watu wanampisha. Nikageuka mbele, nikaendelea kutembea. Mtu mwembamba vile akilia unaona mbavu zote zinashiriki.

Alhamisi nilimwaga vipande mezani na kuanza. Fungua, inua pedi, weka, funga, piga. Fungua. Nilikuwa naiweka nusu ya kwanza ya kaka kwenye spika, nasikiliza pigo lake, napiga la kwangu, nalinganisha. Cha kidole cha pete nilikipata. Kidole hicho kaka alikibana kwenye mlango wa lori zamani, hakikuwa na nguvu, kwa hiyo lazima pedi yake ilikuwa na kipande kinene kuliko vyote. Kilikuwa kimoja tu cha unene ule, tyubu imekunjwa na kubanwa kwa selotepu. Nikakiweka, nikagonga kidogo, toazi likalia kama lake. Nilipiga kelele. Mnene akaruka kutoka kwenye ndoo.

"Umepata?"

"Kimoja!"

"Bado vingapi?"

"Usiniulize."

Vingine vilinikataa. Nilidhani nimepata cha ngoma nzito, nikipiga mara ya pili inalia mbili mbili. Nikabadilisha, ikanuna. Vipande viwili vinafanana macho, masikioni ni mbingu na ardhi. Chini msumeno ulikuwa unalia, juu mimi na bisibisi, na mchana uliisha bila mimi kula. Nilikuwa nasimama kila nikipiga, nazunguka kiti, narudi. Nilizunguka upande ule ule mpaka waya wa hedifoni ukanifunga miguu.

"Dada," Mnene alisema, "hata ukivirudisha vyote sawasawa. Alivipimia vidole vyake."

"Najua."

"Siyo vyako."

"Nimesema najua!"

Nilijua. Lakini kujua hakukunifanya niache. Kila nilipokuwa nafungua skrubu nilihisi kama kaka yuko chumba cha pili anakunywa maji, na nikimaliza kabla hajarudi hatagundua kwamba kuna kitu kiliharibika.

Ijumaa Nesi alikuja moja kwa moja kutoka zamu, sare ndani ya mfuko, macho mekundu.

"Jamani, nimezalisha pacha," alisema na kujibwaga kwenye kiti changu. "Wa kwanza alitoka anapiga kelele, wa pili tukambembeleza nusu saa. Poleni na kazi. Imekwisha?"

Mimi na Mnene tukaangaliana.

"Tuna njia tatu," nikasema.

"Tatu! Mimi nilikuwa naomba moja."

Ya kwanza ilikuwa ya Mnene. Asubuhi, kwa shingo upande, nilikuwa nimemruhusu anakili nusu ya kwanza na kuibandika mbele. Nesi akavaa hedifoni, akasimama mbele ya maikrofoni, Mnene akapiga kengele ya fundi vioo, na msumeno ukanyamaza. Akaimba. Nusu ya kwanza ilikuwa ni kaka na Nesi, hakuna mwingine chumbani. Nusu ya pili ikaingia bila kovu, kama ilivyotakiwa. Nesi akaimba mstari mmoja, wa pili, akavua hedifoni.

"Huyu hajui kama nimechoka," akasema.

Mnene akainamisha kichwa. Mimi nilihisi furaha mbaya, ya kuona kaka ameshinda ubishi akiwa kaburini.

"Ya pili," nikasema, nikakaa kwenye mashine ya zamani. Vipande vingine vilikuwa mahali pake, vingine nimebahatisha. Nikapiga. Nilipiga kwa nguvu, nikimfuata kaka, nikimsikiliza kichwani kila pigo kabla ya kulipiga. Toazi lilitoka lake. Ngoma nzito ilitoka mbili mbili mara moja tu. Nilidhani tunaenda vizuri. Nilithubutu kudhani.

Nesi aliacha tena.

"Nini sasa?" nikauliza.

"Usinichukie."

"Sema."

"Unapiga kama mtu anayesikilizia mlangoni." Alishika koo. "Mimi natembea, wewe umesimama unasikiliza kama kuna mtu ndani. Sina wa kwenda naye."

Nilitaka kumwambia aende akazalishe. Niliinuka, nikafika mlangoni, nikarudi, nikafika tena. Chini fundi vioo alipaza sauti, "Mmemaliza huko? Kioo changu kinanisubiri!" Mnene akamjibu bado, fundi, bado kidogo. Nesi akatazama saa ya ukutani halafu akajifanya hakuitazama. Mkoba wake wa safari ulikuwa nyumbani umefungwa. Mimi nilikuwa namcheleweshea usiku wake wa mwisho na watoto wake.

Kama angeondoka bila kuimba, wimbo ungebaki katikati. Siyo wiki ijayo, siyo mwezi ujao. Ungebaki pale pale milele, na kila atakayeusikiliza angemsikia kaka akisimama.

"Chomoa hii," nikamwambia Mnene. "Chomeka ile."

"Mpya? Una hakika?"

"Sina. Chomeka."

Taa zikawaka. Nikaweka vidole na mara hiyo hiyo vikaanza upuuzi wake, toazi, toazi, kigongo kidogo cha ngoma kavu. Nesi akaangalia vidole vyangu. Nilitaka kuviondoa.

"Niko tayari," akasema.

Nusu ya kwanza ikapita. Niliisikiliza mara ya mwisho kama mtu anayetembea na mwenzake hadi mahali njia zinapoachana, na ilipokwisha sikuwa na muda wa kumtafuta, kwa sababu mashine ile haikupi muda. Ngoma ilikuwa tayari imelia. Kabla ya kila pigo vidole viligusa, vikaghairi, vikagusa. Nilijaribu kuvizuia kwa mistari miwili. Halafu Nesi akaimba ule mstari wa juu, sauti ikamkwaruza, nikaona anainamia maikrofoni kama anayeegemea ukuta, nikaacha kuvizuia nikamfuata yeye. Alipochelewa nilichelewa. Alipoharakisha kuvuta pumzi, vile vigongo vidogo vilikuwa pale vimejaa, kama nyayo za watu wengi kwenye ngazi. Sikumwiga mtu. Sikuwa na nafasi.

Tulifika mwisho. Nesi alivua hedifoni akakaa chini sakafuni.

"Huyu naye," akasema, "hajalala wiki nzima."

"Nilale vipi?"

"Sijasema ulale. Nimesema nilikuwa na mtu."

Mnene alikuwa kwenye kompyuta, pua karibu iguse kioo. "Nikisafisha hivi vigongo vidogo vyote," alisema, "na nikinyoosha haya mapigo kidogo yakae kwenye mstari, hakuna atakayejua umebadilishana na bosi. Nipe dakika kumi. Ndicho ulichotaka."

Ndicho nilichokuwa nimetaka. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya, unanisubiri. Mashine mpya inaruhusu hivyo. Imekuandikia kila kitu ulichogusa, na kila ulichogusa kinaweza kufutwa. Ingekuwa safi. Kaka angefika hadi mwisho wa wimbo kwa miguu ambayo siyo yake.

"Acha," nikasema.

"Vyote? Hata hiki hapa? Hiki ni kosa kabisa."

"Hicho hasa."

"Bosi angecheka."

"Angecheka mpaka akohoe," nikasema, na tukacheka sisi, vibaya, kwa pua, hadi Nesi akatuambia tusimlize, ana safari.

Baada ya kumsindikiza Nesi nilichukua bisibisi, nikaifungua ile ya zamani. Nilitoa vipande nilivyobahatisha, pedi zikabaki kama Fundi Miwani alivyoziacha. Kile cha kidole cha pete sikukitoa. Atakayeinunua atashangaa kwa nini pedi moja ina bidii kuliko wenzake.

Niliibeba mwenyewe hadi dukani, ingawa Mnene aliomba abebe. Muuza duka akaichomeka, akagonga pedi moja moja kwa kidole kimoja, kama anayechagua nyanya.

"Imetunzwa," akasema. "Ilikuwa ya nani?"

"Ya kaka yangu."

"Amenunua nyingine?"

Mnene alifungua mdomo. Nilimtangulia. "Alifariki," nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo mbele ya mtu asiyenijua. Yule bwana akaondoa mkono kwenye pedi, akasema pole. Akaiweka rafu ya chini, kati ya kinanda na boksi la nyaya. Nikageuka kabla sijabadili mawazo. Nilitembea haraka, Mnene ananikimbilia nyuma, "Dada, taratibu, mimi sina mafuta ya kutosha mwilini!" Sikupunguza.

Mama alikuwa bado hajawasha taa. Nikamwekea simu sikioni, maana spika yake inakwaruza. Akaishika kwa mikono yote miwili.

Nusu ya kwanza alitikisa kichwa taratibu, macho yamefumba. Hakuuliza ni nani. Midomo yake ilikuwa inahesabu kitu, au inaita. Nilisimama mlangoni, nikakaa, nikasimama. Nilijua ni dakika gani atafika pale kaka na mimi tunapopokezana, na nilitaka kutoka nje, na nilitaka kuona.

Kichwa kikasimama. Akafumbua macho, akaangalia ukuta. Akasikiliza hadi mwisho bila kutikisika, halafu akaniuliza, bado simu iko sikioni:

"Huyu wa pili anaharakia wapi?"

"Bado hajajua, Mama."

Akatazama vidole vyangu, vilivyokuwa vinagonga mlango. Kisha akaninyooshea simu, akaniambia nirudishe nyuma, siyo mwanzoni, pale pale anapoingia huyu mwenye haraka, kwa sababu hakumsikia vizuri, alikuwa anamsikiliza mwenzake.